Mlezi Naye Apumzike

Tukizungumza juu ya afya, kwa kawaida tunataja maji safi, vyoo, chandarua na chakula cha watoto. Hayo ni mambo mazuri. Leo tuzungumze juu ya mtu ambaye hatumtaji mara nyingi. Mtu huyo ni mlezi wa mtu mzima mwenye ulemavu wa akili.

Ulemavu wa akili ni nini?

Mtu mwenye ulemavu wa akili hujifunza polepole kuliko wenzake. Alianza hivyo tangu utoto. Pengine alichelewa kukaa, kutembea na kusema. Amekua, ana ndevu au ni mama mzima, lakini bado anahitaji msaada katika mambo fulani. Mmoja anahitaji kuoshwa na kulishwa. Mwingine anaweza kuchota maji na kuchunga mbuzi, lakini hawezi kuhesabu fedha wala kutambua mtu mbaya.

Hili si kosa la mama yake. Wala si laana. Wapo waliozaliwa baada ya uchungu wa muda mrefu, wakakosa hewa. Wapo waliougua malaria kali ya kichwani au homa ya uti wa mgongo walipokuwa wadogo. Wapo ambao mama zao walikosa madini joto katika chumvi wakati wa mimba. Wengine wamezaliwa hivyo kutokana na maumbile.

Tusichanganye jambo hili na ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na una dawa zake. Ulemavu wa akili hauondoki kwa dawa. Lakini mtu huyu anaweza kujifunza mambo mengi akifundishwa kwa upole na kwa kurudia.

Tufanye hesabu

Tuseme yuko mama mwenye umri wa miaka 60. Mtoto wake wa kiume ana ulemavu wa akili na ana miaka 32. Mama huamka alfajiri, humwosha, humvalisha na humpa uji. Akienda shamba anakwenda naye, kwa sababu hawezi kumwacha peke yake karibu na moto au kisima. Usiku analala macho nusu, maana kijana anaweza kutoka nje gizani.

Zidisha miaka 32 kwa siku 365. Utapata siku 11,680. Je, katika siku hizo zote, mama huyu amepumzika siku ngapi? Katika vijiji vyetu vingi, jibu ni kwamba hajapumzika hata moja.

Mkulima anapumzika baada ya mavuno. Mwalimu ana likizo. Askari wa zamu ya usiku hulala mchana. Hata ng'ombe wa kulimia hufunguliwa nira jioni. Mlezi huyu peke yake hana jioni.

Mwili wa binadamu una mpaka wake. Mlezi anayemwinua mtu mzima kila siku anaumwa mgongo. Asiyelala vizuri anakuwa mkali na msahaulifu. Asiyepata nafasi ya kwenda zahanati hajui kama ana shinikizo la damu, mpaka siku anapoanguka. Na akianguka yeye, wameanguka watu wawili.

Hatari iko wapi?

Mlezi aliyechoka na asiye na msaidizi anafika mahali pabaya. Siku anapolazimika kwenda msibani au hospitali, anamfungia mwanawe ndani. Wapo wanaofungwa kamba mguuni, kama mbuzi. Wapo wasichana wanaoachwa nyumbani peke yao, na mtu mwovu akapata nafasi ya kuwabaka. Tukisikia habari hizo tunamlaani mzazi. Lakini sisi majirani tulikuwa wapi? Nani alimwambia mama huyo, “Nenda dada, mimi nitakaa naye”?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa kuwa hatuubebi sisi, tunauona mwepesi.

Kumfunga mtu ni kosa, na ni lazima likomeshwe. Maoni yangu ni kwamba halitakomeshwa kwa maneno makali peke yake. Litakomeshwa mlezi akipata mtu wa kumpokea.

Wengine wamefanyaje?

Tuangalie nchi moja ya mbali, Uingereza. Zamani watu wengi wenye ulemavu wa akili huko waliwekwa katika hospitali kubwa maisha yao yote. Zilikuwa mbali na jamaa zao, na watu walisahauliwa ndani. Mwaka 1969 ilitolewa ripoti ya uchunguzi juu ya hospitali ya Ely, katika mji wa Cardiff. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba watu waliowekwa humo walitendewa vibaya. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1980, hospitali za namna hiyo zilifungwa moja baada ya nyingine.

Badala yake watu wengi walibaki nyumbani na jamaa zao, au waliishi katika nyumba ndogo mitaani. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba walezi wa nyumbani wanachoka. Basi zikawekwa nyumba za mapumziko. Mtu mwenye ulemavu huenda huko kwa usiku mmoja, siku mbili, au wiki moja. Anapewa chakula, dawa zake na shughuli za kumfurahisha. Mlezi wake analala, anatibiwa au anawatembelea ndugu. Kisha mtu yule anarudi kwao. Sheria ya huko ya mwaka 2014 inamtaka hata mlezi mwenyewe aulizwe na halmashauri anahitaji msaada gani.

Angalia tofauti hiyo vizuri, ndugu msomaji. Nyumba ya kumtupa mtu ni jambo moja. Nyumba ya kumpumzisha mlezi ni jambo jingine. Ya kwanza inamtenga mtu na ukoo wake. Ya pili inausaidia ukoo uweze kuendelea kuishi naye.

Jambo hili ni haki

Wengine watasema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Sivyo. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2006. Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 28 ya mkataba huo inazitaja hasa familia maskini. Inasema zisaidiwe na serikali kwa mafunzo, ushauri na fedha, na walezi wapate nafasi ya kupumzika. Pia tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Sheria hiyo imeweka kamati za watu wenye ulemavu mpaka katika kijiji.

Kwa hiyo mlezi anayeomba kupumzishwa hajaomba hisani. Anaomba haki. Halmashauri zetu zinapopanga majengo ya wilaya, ni vizuri zifikirie pia nyumba ndogo ya mapumziko, yenye vitanda vichache na watunzaji waliofundishwa. Afisa ustawi wa jamii aulizwe habari hiyo bila woga.

Tusikae tukingoja

Lakini nyumba hiyo inaweza kuchelewa, na mama yule amechoka leo. Tufanye nini?

Tunayo mazoea yetu ya kusaidiana. Tunalima kwa ujima. Tunapofiwa, tunapika na kulala matangani kwa zamu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi wakasikiliza redio. Kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani kwa pamoja. Watu wanaoweza kufanya hayo hawawezi kushindwa kukaa na mtu mmoja kwa siku moja.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme nyumba sita zinakubali kushika zamu, siku moja kila wiki. Kila nyumba itapata zamu mara moja katika wiki sita. Kwa mwaka mzima ni mara nane au tisa tu. Lakini mlezi atakuwa amepumzika siku 52. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mambo ya kuangalia

Zamu hii ina utaratibu wake. Tukiufanya ovyo tutaleta madhara.

Kwanza, mtu mwenyewe aulizwe. Hata asiyesema huonyesha kwa uso na mikono kama anampenda mtu au anamwogopa. Asipelekwe kwa nguvu.

Pili, aanze polepole. Siku ya kwanza akae saa moja, mlezi wake akiwapo. Kisha nusu siku. Kisha siku nzima. Kulala usiku kuwe mwisho, akishazoea.

Tatu, mlezi amfundishe jirani. Anakula nini? Anaonyeshaje kwamba anataka kwenda chooni? Anaogopa nini? Nini humtuliza? Mambo hayo yaandikwe katika daftari. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika unaweza kuifanya kazi hiyo.

Nne, dawa zisikatizwe. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wana kifafa pia. Dawa ya kifafa humezwa kila siku kwa saa zake, kama mganga wa zahanati alivyoagiza. Akianguka, mwondolee vitu vya hatari vilivyo karibu. Weka nguo laini chini ya kichwa. Degedege likiisha, mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimpe maji mpaka azinduke kabisa. Kikipita dakika 5 bila kukoma, mpelekeni zahanati haraka. Ugonjwa huu hauambukizi. Msiogope kumshika.

Tano, mlindeni. Mwanamke aangaliwe na wanawake. Waangalizi wasipungue wawili. Ndugu zake wawe huru kuja wakati wowote bila kupiga hodi ya kungojewa. Akirudi na alama mwilini, au akiwa na hofu ambayo hakuwa nayo, jambo hilo lisifichwe. Lipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji na polisi.

Sita, asikalishwe tu kama mzigo. Apewe kazi anayoiweza, kama kupukuchua mahindi, kufagia uwanja au kulisha kuku. Asifiwe akimaliza.

Faida ya mtu mwenyewe

Wako wazazi wanaosema, “Mtoto wangu hawezi kukaa na mtu mwingine ila mimi.” Maneno hayo yanatokana na mapenzi, na tuyaheshimu. Lakini tuwaulize kwa upole, wazazi wenzetu, siku mtakapokuwa hampo itakuwaje?

Mtu aliyekaa miaka 32 na mama yake tu, siku mama akifa, anapoteza kila kitu kwa mara moja. Hajui kulala nyumba nyingine. Hajui mkono mwingine wa kumlisha. Na wale wanaobaki hawajui lugha yake. Lakini aliyezoea nyumba sita za jirani ana watu wanaomjua. Wanajua anapenda ugali wa namna gani na anaogopa mbwa wa nani. Msiba utamuumiza, lakini hautamwacha peke yake.

Kwa hiyo siku ya mapumziko inawafaa wote wawili. Mlezi anapata nguvu, na mwanawe anapata jamaa.

Tuanze sasa

Ndugu msomaji, katika kitongoji chako kuna nyumba ngapi zenye mtu mzima mwenye ulemavu wa akili? Kama hujui, pengine wamefichwa ndani. Ulizia kwa heshima. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kukusaidia.

Katika mkutano ujao wa kijiji, simama utoe mambo matatu. La kwanza, walezi hawa wahesabiwe. La pili, kila mlezi apate majirani wa kushika zamu, hata kama ni siku moja kwa mwezi kwa kuanzia. La tatu, kamati ya watu wenye ulemavu iandike barua kwa halmashauri juu ya nyumba ya mapumziko. Kama kamati hiyo haipo kijijini kwenu, ulizeni kwa nini haipo.

Na kesho asubuhi, kabla ya mkutano wowote, mpitie yule mama. Usimpe pole tu. Mwambie ni siku gani utakuja kukaa na mwanawe, na siku hiyo uende.