Uzi wa Mshono Hauvutwi kwa Mkono

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.



Juma lililopita, baada ya darasa la alasiri, mama mmoja aliniletea swali kupitia kwa mke wangu. Binti yake amejifungua mtoto wa kwanza, salama alhamdulillah, lakini alichanika wakati wa kuzaa na mkunga akamshona. Siku ya nane, akijisafisha, aliona ncha ya uzi imejitokeza. Jirani aliyekuja kumtazama mzazi akamwambia kuwa nyuzi za hospitali hutengenezwa kwa matumbo ya wanyama, na huenda mnyama huyo ni nguruwe. Tangu siku hiyo binti hana raha. Anataka uzi utolewe kabla nifasi yake haijakatika, asije akasimama mbele ya Mola wake akiwa na najisi mwilini. Nyanya yake amekwisha kutayarisha wembe. Mama anauliza: “Sheikh, tuuvute au tuuache?”

Jawabu fupi nililipeleka saa ile ile: uacheni, uwekeni wembe, na mpelekeni binti kwa mkunga aangaliwe. Jawabu refu ndilo makala haya, kwani nina yakini kuwa swali hili limo katika nyumba nyingi, ila haya huzuia ndimi.

Kwa kuwa fani ya tiba si yangu, nilikwenda pamoja na mke wangu kwa mkunga mmoja mstaafu wa mtaani kwetu, nikamwomba anifundishe kama ninavyowafundisha watoto alifu na bee. Akatuonyesha kwa kipande cha kitambaa.

Sindano ya kushonea jeraha, alisema, haifanani na ya fundi cherehani. Imepinda mfano wa mwezi mchanga, na aghalabu haina tundu; uzi umeunganishwa kiwandani na kitako cha sindano, vikawa kitu kimoja. Tena haishikwi kwa vidole. Hushikwa kwa koleo dogo mfano wa mkasi, ambalo badala ya kukata hubana, na karibu na vishikio vyake lina meno ya kujifunga ili sindano isiteleze. Koleo huibana sindano kwa nyuma, karibu theluthi moja kutoka upande wa uzi. Mkono wa pili hushika kibano cha kuinulia nyama na kuipokea ncha inapotokeza. Sindano huingia wima, kisha kiganja huzunguka taratibu kufuata mpindo wake. Anayeisukuma moja kwa moja huchana nyama aliyokusudia kuiunga.

Nikamwuliza sababu ya kutotumia vidole, ilhali mafundi wetu wa kanzu na kofia hushona kwa vidole siku nzima. Akanijibu: “Sheikh, damu ni amana ya watu wawili.” Sindano iliyopita katika mwili wa mmoja ikimchoma mwingine, yaweza kumwambukiza homa ya ini au virusi vya Ukimwi. Kwa hiyo sindano haipokezanwi mkono kwa mkono. Mmoja huiweka katika kisahani na mwenzake akaiokota humo kwa koleo. Kazi ikiisha, sindano huhesabiwa, na vitambaa vya kufutia damu huhesabiwa pia, kisibaki kimoja ndani ya mzazi. Kisha sindano hutumbukizwa katika kisanduku kigumu kisichotoboka, wala haitumiki kwa mtu mwingine.

Ama uzi, uko wa namna mbili. Namna ya kwanza huyeyuka wenyewe mwilini baada ya majuma au miezi, kwa kadiri ya aina yake. Huo ndio unaotumika kwa majeraha ya uzazi na kwa nyama za ndani. Namna ya pili hauyeyuki, kama hariri na nailoni; ukishonewa ngozi ya juu hutolewa kwa miadi: usoni baada ya siku 5 hivi, mkononi au mguuni baada ya siku 10 hadi 14. Ncha aliyoiona binti yetu si dalili ya kuharibika. Ni mkia wa fundo, na fundo ndilo linaloushikilia mshono. Ukiuvuta, wafungua mlango uliofungwa kwa taabu.

Sasa tuje kwenye hofu yake, nayo ni hofu ya mcha Mungu, haifai kuchekwa. Ni kweli kwamba uko uzi wa utumbo, na si uzushi wa jana. Tabibu wetu Abul Qasim Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki takriban mwaka 1013, aliandika kitabu chake kiitwacho Al-Tasrif katika sehemu 30, na ya mwisho akaifanya ya upasuaji, akachora humo vyombo vya kazi kimoja kimoja. Alieleza kushona utumbo uliojeruhiwa kwa uzi mwembamba uliotolewa katika utumbo wa mnyama. Akaeleza pia njia ya siafu wakubwa: kingo za jeraha hukutanishwa, siafu akaachwa aume, kisha kiwiliwili chake kikakatwa na kichwa kikabaki kimeshika kama fundo. Sehemu hiyo ilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na Ulaya ikajifunza kwayo. Basi tusiuone mshono kuwa jambo la kigeni lililoingizwa nyumbani mwetu.

Uzi wa utumbo wa zama zetu hutolewa katika utumbo wa kondoo au wa ng’ombe. Na nyuzi nyingi zinazoyeyuka leo si za mnyama yeyote, bali hutengenezwa kiwandani. Kwa hiyo neno la nguruwe ni dhana tu, na kanuni yetu ni kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Asili ya kitu ni tahara mpaka ithibiti vinginevyo.

Lakini pengine atauliza mwenye kuuliza: je, kondoo huyo kama hakuchinjwa kisharia, si mzoga? Na mzoga si najisi? Swali hili maulamaa wetu walilijibu kabla ya hospitali zetu kujengwa. Imamu Al-Nawawi katika Al-Majmu‘ ameliweka suala la kushona jeraha kwa uzi najisi pamoja na lile la kuunga mfupa kwa kitu najisi, na hukumu yao ni moja. Aliyefanyiwa kwa haja, pasipo kingine kilicho safi, ana udhuru na swala yake inasihi. Na hata pale ambapo kungewajibika kuutoa, hautolewi ikiwa kuutoa kunahofiwa kuleta madhara. Binti yetu hakuchagua uzi, hana uhakika kuwa ni najisi, na kuuvuta kutamjeruhi upya. Ikikatika damu ya nifasi na aoge, aswali, na moyo wake utulie. Wala asingoje arubaini itimie ikiwa damu imekatika kabla yake. Siku arubaini ni kawaida ya wengi, si sharti la tahara.

Tukumbuke kisa kilichosimuliwa na Jabir (R.A.) katika Sunan ya Abu Dawud. Mtu mmoja safarini alipata jeraha la kichwa, kisha akawajibikiwa na josho. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali, akabainisha kuwa asiyejua alipaswa kuuliza. Waliompa fatwa ile hawakumchukia mwenzao. Walimpenda wasiwe na elimu, na hilo ndilo lililomuua. Nyanya mwenye wembe naye anampenda mjukuu wake.

Kwa hiyo nawausia mambo haya, enyi watu wa nyumba zetu.

Kabla ya kuondoka hospitali, ulizeni: uzi huu unayeyuka au unatolewa? Kama unatolewa, ni siku gani? Andikeni jawabu. Na ukiletwa kwa mkunga kushonwa, uliza kuhusu ganzi. Kuomba uondolewe maumivu si kukosa subira, na mkunga mwema hatakukemea kwa hilo.

Pili, kumkanda mzazi ni ada yetu yenye huruma ndani yake, lakini mshono haukandwi kwa maji ya kuunguza, haufukizwi, wala hautiwi majani, chumvi au dawa ya duka bila ya idhini ya mkunga. Maji safi na sabuni ya kuoshea mikono, kitambaa safi kinachobadilishwa kila mara, na kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma, hayo yanatosha.

Tatu, aliyeshonwa tumbo na kuambiwa asilitie maji, dini haikumfungia njia. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, huosha sehemu iliyo nzima, hupangusa kwa maji juu ya bendeji, na hutayamamu kwa ajili ya sehemu iliyojeruhiwa. Akishindwa kupanga, na amuulize mwalimu wa karibu. Tusimwache aamue peke yake chooni.

Nne, zijueni dalili za hatari: homa, usaha, harufu mbaya, damu inayozidi, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au mshono kuachia. Likionekana moja kati ya hayo, safari ni ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mzazi bado yumo ndani ya arubaini.

Na wenye wagonjwa wa sukari wanaojichoma sindano nyumbani, sindano zilizotumika zisitupwe jaani wala katika mfuko wa taka. Ziwekwe katika chombo kigumu chenye kifuniko na zirudishwe kituo cha afya. Watoto wetu huchezea majaa, na mwokota taka pia ana mama anayemsubiri. Aliyechomwa kwa bahati mbaya na aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asiminye, kisha aende kituo cha afya mara moja. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na kila ikiwahi ndivyo bora.

Binti yetu alipelekwa kwa mkunga jioni ile. Mkunga alitazama, akaukata ule mkia uliokuwa ukimkwaruza kwa mkasi safi, fundo akaliacha mahali pake, akamwambia jeraha linaunga vyema. Mama yake amenieleza kuwa usiku huo binti alilala kwa mara ya kwanza tangu maneno ya jirani. Ule wembe nyanya ameurudisha kabatini, naye ndiye aliyeuliza siku ya kumrejesha mjukuu wake kwa mkunga.

Mwenyezi Mungu awaponye wazazi wetu, awalipe kheri wakunga na matabibu wetu, na azilinde nyumba zetu.

Wallahu a‘lam. Wabillahi tawfiq.