Baiskeli Haifufuliwi kwa Rangi

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kutoka Kaloleni na Makongeni hadi Umoja, Kayole na Dandora, kuna imani ambayo hakuna anayeihoji: baiskeli kuukuu ya chuma ikipigwa rangi, imekuwa mpya. Mtu akijipatia baiskeli ya mashindano ya mitumba, ile nyembamba yenye usukani wa pembe na vishikio vya gia kwenye bomba la chini, ushauri wa kwanza anaopewa ni aipeleke ikakwanguliwe kwa grinda, ipulizwe rangi ya kumeremeta, kisha ibandikwe stika ya jina linalojulikana. Gololi na grisi, ekseli na cheni, hayo yatangoja mwisho wa mwezi. Nasema mpangilio huo umekaa kichwa chini, miguu juu. Rangi ni kazi ya mwisho katika kufufua baiskeli, na mara nyingi si ya lazima hata kidogo. Ikitangulia, hufuta ushahidi wa kujua baiskeli ni ipi, hudhoofisha fremu, na hufunika ugonjwa ambao jana ulikuwa unaonekana kwa macho. Mwenye mali hulipia hasara yake mwenyewe, tena hutoka pale akitabasamu.

Tuanze na jina, maana ndilo linalowapoteza wengi. Stika ya Raleigh haikuambii baiskeli imetoka wapi wala imeundwa kwa chuma gani. Kampuni hiyo ilianza Nottingham, Uingereza, katika miaka ya 1880, ikawameza washindani wake mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1960 ilipounganishwa na kitengo cha baiskeli cha Tube Investments, majina kama Phillips na Hercules yakaingia chini ya paa moja na Rudge, Humber na BSA. Wakati huohuo India ilikuwa ikitoa baiskeli kwa majina yayo hayo: Sen-Raleigh huko Asansol, na TI Cycles huko Madras. Kwa hiyo baiskeli mbili za jina moja zinaweza kuwa zimezaliwa katika mabara mawili. Hata nchi ikiwa moja, tofauti haiishi. Joop Zoetemelk aliposhinda Tour de France mwaka 1980 akiwa na timu ya TI-Raleigh, baiskeli za timu hiyo zilikuwa zikiundwa kwa mkono katika karakana maalumu ya Ilkeston. Raleigh ya gia kumi aliyonunuliwa mwanafunzi dukani miaka hiyo ilikuwa ya bomba la kawaida, zito. Peugeot ya Ufaransa nayo iliuza PX-10 ya chuma cha Reynolds 531, na katika miaka ya 1980 ikauza kwa wingi baiskeli za bomba la bei nafuu lililoitwa Carbolite 103. Jina ni lile lile, baiskeli si ile. (Sizungumzii hapa Black Mamba, ile ya karia pana iliyobeba maziwa, mkate na abiria wa kwanza wa boda boda kule Busia. Hiyo ina heshima yake na kesi yake.)

Kama jina halitoshi, baiskeli hujulikanaje? Kwa chuma chake na kwa vipimo vyake. Reynolds 531, iliyotolewa Birmingham mwaka 1935, ni chuma kilichochanganywa na manganizi na molibdeni, na sifa yake kubwa haionekani kwa nje: kuta za bomba huwa nene kwenye ncha, pale linapoingia katika kiungio, na nyembamba katikati. Ndiyo maana fremu huwa nyepesi bila kulegea. Kuna njia ya kuligundua hilo bila mashine ya maabara. Chomoa nguzo ya kiti, ipanguse grisi, uipime kwa vania. Bomba linaloibeba, ambalo kwa juu huachwa jembamba, katika baiskeli za Uingereza na Italia huwa na upana wa nje wa milimita 28.6. Nguzo ikisoma 27.2, ukuta wa bomba umebaki kama milimita 0.6 au 0.7 tu, na hapo una sababu ya kuketi na kuitazama fremu hiyo kwa adabu. Ikisoma 25.4, ukuta unakaribia milimita 1.6, na hilo ni bomba la kawaida hata likibandikwa stika ya dhahabu. Kwa Wafaransa uwe mwangalifu, kwa sababu bomba lao lilikuwa la milimita 28 kamili, na nguzo ya 26.4 inaweza kutoka katika fremu nzuri sana. Hesabu hii ni ya darasa la sita, lakini inasema kweli kuliko muuzaji yeyote wa soko la Gikomba.

Miaka nayo imeandikwa kwenye baiskeli kwa anayejua pa kuangalia. Vifaa vya Shimano vya zamani vina herufi mbili ndogo zilizogongwa mahali pasipopendeza, kama nyuma ya mkono wa pedali au upande wa ndani wa gia ya nyuma. Herufi ya kwanza ni mwaka, kuanzia A ambayo ni 1976. Ya pili ni mwezi. GC, kwa mfano, ni Machi 1982. Gia za Campagnolo za Nuovo Record za miaka ya 1970 ziligongwa neno la hataza na tarakimu mbili za mwaka. Habu za Sturmey-Archer, zile za gia tatu, kwa kawaida hubeba mwaka zilipoundwa kwenye ganda lenyewe. Kifaa kimoja hakitoshi kuwa shahidi, maana vifaa hubadilishwa. Lakini gia, habu na mikono ya pedali vikitaja miaka inayokaribiana, na namba ya fremu chini ya ekseli ya pedali haipingi, umeshapata umri. Sasa fikiria grinda inavyopita juu ya yote hayo. Namba ya fremu inasuguliwa, stika ndogo ya Reynolds iliyochakaa pale juu ya bomba la kiti inatupwa na vumbi, mistari ya rangi ya kiwanda inapotea. Aliyeagiza kazi hiyo amelipa ili mali yake ipoteze cheti chake cha kuzaliwa.

Lakini hasara ya ushahidi ni nusu tu ya mashtaka yangu. Nusu nyingine ni ya usalama. Ukuta wa milimita 0.6 haukuundwa kuhimili diski ya grinda inayokwangua geti. Fundi aliyezoea madirisha na mageti, kazi anayoifanya vizuri na inayomlisha, huibonyeza mashine kidogo tu katikati ya bomba, pale penye wembamba zaidi, na kinachobaki hakuna anayeweza kukikadiria kwa macho. Halafu rangi inafunika. Hali ni hiyo hiyo kwa kuchomelea. Nyingi ya fremu hizo ziliunganishwa kwa shaba au kwa fedha ndani ya viungio, kwa joto lililo chini sana ya lile la kuyeyusha chuma chenyewe, na Reynolds 531 haikukusudiwa kuunganishwa kwa njia nyingine. Ufa mdogo ukichomelewa kwa umeme, chuma kilicho kando ya mshono hupoteza ukakamavu wake, na baada ya mashimo kadhaa ya Jogoo Road ufa hurudi sentimita moja pembeni. Kutu nayo huanzia ndani. Maji huingia kwa juu, kwenye nguzo ya kiti, yakashuka hadi kwenye ekseli ya pedali na kukaa hapo. Bomba linaweza kuwa limelika kwa ndani huku nje linang'aa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kibaya hujitembeza kikiwa kimepuliziwa rangi mbili.

Kazi ya kweli ya kufufua ni ya polepole na haina picha nzuri ya kuonyesha rafiki. Ni kumimina mafuta ya kupenyeza kwenye nguzo ya kiti iliyoganda na kungoja, siku hata wiki, badala ya kuipiga nyundo. Ni kujua kabla ya kushika spana kwamba kikombe cha upande wa kulia wa ekseli ya pedali cha Kiingereza hufunguliwa kinyume, ilhali cha Kiitaliano hufunguliwa kawaida. Cha Kiitaliano ni cha milimita 36, cha Kifaransa cha kale ni cha 35, na Raleigh ya Nottingham mara nyingi ilitumia nyuzi zake yenyewe, 26 kwa inchi badala ya 24. Anayelazimisha kikombe cha kigeni kiingie, amekata nyuzi za fremu, na hakuna rangi inayozirudisha. Tairi nalo lina mtego wake. Gurudumu la inchi 27 hukalia tairi kwenye kipenyo cha milimita 630, la 700C kwenye 622, na la Black Mamba la 28 kwa moja na nusu kwenye 635. Milimita tano unaziona ni kitu kidogo mpaka utakapojaribu kulivalisha tairi. Uzuri ni kwamba fremu ya inchi 27 kwa kawaida hupokea magurudumu ya 700C, ambayo matairi yake yanapatikana kwa urahisi Nairobi, ilimradi raba za breki zishuke milimita nne. Hilo ndilo jambo linaloirudisha baiskeli barabarani. Kromu iliyoingia madoa husafishwa kwa karatasi ya foili na maji. Rangi ya kiwanda iliyofifia hupanguswa kwa polishi ya gari, na pale palipochubuka hadi chuma, hupakwa kidogo kwa brashi.

Wenye kunipinga wana hoja, tena si za kitoto. Ya kwanza ni ya fundi: mteja hulipa kwa anachokiona. Hakuna anayetoa pesa kwa furaha kwa ajili ya gololi mpya zilizofichika ndani ya habu, lakini rangi nyekundu ataisifia mtaa mzima. Ni kweli, na simlaumu fundi anayetafuta unga wa jioni. Ninachosema ni kwamba mteja huyo amefundishwa kuona vibaya, na waliomfundisha ni sisi tunaosifia. Usione vyaelea, vimeundwa. Ya pili ni ya hali ya hewa: mvua na vumbi la Nairobi vitaila fremu isiyopigwa rangi. Fremu iliyo uchi, ndiyo. Hiyo ipakwe, kwa msasa wa mkono na dawa ya kuzuia kutu, baada ya kupimwa na kuandikwa. Lakini fremu nyingi zinazopigwa grinda hazikuwa uchi. Zilikuwa na rangi ya kiwanda iliyochoka tu, na rangi ya aina hiyo, iliyopikwa kwenye tanuri, hushikilia chuma kuliko kopo la kupuliza.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi: kwamba kuhangaikia namba na herufi ni anasa ya matajiri wa Karen, na mkazi wa Kariobangi anahitaji chombo cha kumfikisha Industrial Area asubuhi, basi. Naipinga kwa sababu moja: mkazi wa Kariobangi ndiye anayepoteza zaidi. Chuma chakavu huuzwa kwa kilo, na kadiri fremu ilivyo bora ndivyo ilivyo nyepesi, hivyo mwenye baiskeli nzuri kuliko zote hulipwa kidogo kuliko wote. Anayejua kusoma vipimo huinunua kwa bei ya kilo na kuiuza kwa wanaoitafuta, na wapo. Tamasha la L'Eroica, lililoanza Gaiole in Chianti nchini Italia mwaka 1997, hukubali baiskeli za mashindano zilizoundwa kabla ya 1987, na limechochea soko la baiskeli hizo ulimwenguni. Katika soko hilo rangi ya asili yenye mikwaruzo huheshimiwa kuliko mpya ya kubahatisha. Hata kwa asiye na haja ya kuuza, chombo cha kumfikisha kazini ni kile kinachosimama akishika breki na kisichokatika chini yake, na hayo mawili hayamo katika kopo la rangi. Tena baiskeli inayometameta ikifungwa nje ya duka Buruburu humwita mwizi, na isiyo na namba ya fremu humwita polisi.

Basi kabla hujaipeleka popote, igeuze magurudumu juu, uandike namba ya fremu na kila herufi utakayoikuta, upige picha za stika hata zilizofutika nusu, uchomoe nguzo ya kiti na uipime. Mpe fundi karatasi hiyo, mwambie aanze na beringi, nyuzi na breki, na mkubaliane bei ya kazi hiyo bila kuitaja rangi. Fundi atakayewasha grinda kabla hujamaliza kusema, mshukuru, chukua baiskeli yako, uende kwa mwingine.