Maji ya masoni na mtoto wetu wa Politekniki



Mmeona kwamba linto ya chumba chetu cha mikutano, ile boriti ya beto iliyo juu ya mlango, tuliivunja wiki mbili zilizopita. Hatukuivunja kwa kupenda. Tuliimwaga mwaka jana mbele ya mvua, tukalipa sima, vyuma na masoni, na kufika Pasaka ilikuwa na ufa ambao kidole kinaingia. Makuta ile ilikuwa likelemba yetu ya miezi minne.

Aliyetuonyesha kosa ni mtoto wa mwenzetu mmoja wa Manika. Anasoma ujenzi Politekniki, mwaka wa tatu. Ni yuleyule ambaye baba zake wadogo wanataka aache masomo, wanasema beto ni kazi ya wanaume na pesa inapotea bure.

Siku ya kumwaga linto mpya alikuja na koni ya bati aliyotengenezesha kwa fundi: urefu sentimita 30, mdomo wa chini 20, wa juu 10. Aliijaza beto mara tatu, kila mara akiichoma kwa chuma mara 25, kisha akaivuta juu polepole. Beto nzuri inabaki imesimama, inashuka kidogo tu. Yetu ilianguka yote kama potopoto.

“Papa, maji imezidi,” akamwambia masoni.

“Mutoto, miye najenga tangu mbele haujazaliwa. Beto ngumu inachokesha mikono.”

Hapo masoni alisema kweli, na ndiyo maana ya maji mengi: mikono imechoka. Sisi tulioshika pale tulitaka kumtetea, ni mtu mzima. Lakini mtoto alituomba tuhesabu bidoni. Kwa kila mfuko wa kilo 50 alikuwa ametia bidoni mbili, yaani litre 40. Darasani wanafundishwa wasipite litre 25, nusu ya uzito wa sima. Sima yenyewe inakula maji kidogo sana ili ishikane, karibu robo ya uzito wake. Mengine yanasaidia tu kuikoroga, halafu yanakauka na kuacha matundu madogo ambayo jicho haliyaoni. Mmarekani mmoja, Duff Abrams, aliandika jambo hili mwaka 1918 kisha kupima beto nyingi sana: maji yakipanda juu ya sima, nguvu inashuka. Kwa litre 40 badala ya 25, nguvu inaweza kushuka karibu nusu. Bei ya mifuko haishuki.

Masoni alinyamaza, akapunguza maji. Tunamshukuru, wengine wangeondoka.

Wamama mnaoponda mawe na kuuza kokoto, somo hili ni lenu pia. Kokoto yenye vumbi haishikani vizuri na sima, kwa hiyo ikisafishwa kwa maji mbele ya kuuzwa inafaa zaidi, nanyi mnaweza kudai bei ya juu kidogo. Mchanga unapimwa kwa chupa: tia mchanga hadi nusu, ongeza maji, tikisa, acha hadi kesho yake. Udongo utakaa juu ya mchanga. Ukiwa tabaka nene, rudisha mchanga huo. Na hapa kwetu kuna hatari nyingine: mchanga unaotoka kwenye mabaki ya madini unaweza kuwa na chumvi za salfati, ambazo zinakula beto polepole kwa miaka. Usiuchukue kwa sababu uko karibu na bei yake ni ndogo.

Jambo ambalo hatukujua kabisa ni kwamba beto haikauki tu, inakomaa, na inakomaa kwa maji. Sasa ni kiangazi, upepo mkavu unanyonya maji yake mbele haijashikana. Mwaka jana tuliimwaga, tukaenda nyumbani kupika bukari. Wanafunzi wanajaza beto katika makopo ya sentimita 16 kwa 32, wanayaweka ndani ya maji, na siku ya 7 na ya 28 wanayavunja kwa mashine kuona yamebeba uzito gani. Ukuta wa Nzilo, unaozuia Lualaba tangu mwanzo wa miaka ya 1950, ni wa beto pia. Nyumba zetu hazihitaji mashine, zinahitaji magunia yaliyolowa na mtu wa kukumbuka.

Kwa hiyo zamu ni hizi: Jumapili na Jumatatu wamama wa Dilala, Jumanne hadi Alhamisi wamama wa Manika, Ijumaa na Jumamosi vijana. Asubuhi, mchana na jioni magunia yalowe. Mbao za chini zisiguswe mbele ya wiki tatu, hata kama mtu ana shida ya mbao.

Mtoto bado hajalipa nusu ya pili ya mwaka, na mtihani unakaribia. Baba zake wadogo wamealikwa siku ya 28, mbao zitakapokuwa zimeondolewa, waje wapite chini ya linto. Mwenye kuchanga amwone mama mtunza sanduku mbele ya Jumapili.