Muhuri wa Lunga Lunga na Cheti cha Babu

Kila mkaaji wa Lamu mwenye umri wa kutosha anamkumbuka mgeni wa aina hii. Alikuja kusoma. Chuo chake cha ng'ambo kilimtafutia pasi ya mwanafunzi, naye akakaa mwaka mmoja au miwili baina ya Mkomani na Langoni, akijifunza Kiswahili, au ujenzi wa majumba ya mawe, au hati za kale za Pate na Siyu. Pasi ikaisha. Masomo nayo yakaisha, lakini mapenzi ya mahali hayakuisha. Basi asubuhi moja akapanda mashua hadi Mokowe, akaingia basi la Mombasa, akavuka Likoni kwa feri, akateremka Lunga Lunga na kugongewa muhuri wa kutoka. Akavuka hadi Horohoro, upande wa Tanzania, akalala Tanga siku moja au mbili, kisha akarudi alikotoka. Afisa akamwuliza anakwenda wapi. Akajibu kwamba anakwenda Lamu kutembea. Akagongewa muhuri mpya wa miezi 3. Mwanafunzi wa jana akawa mtalii wa leo, na miezi 3 ilipokaribia kwisha mashua ya Mokowe ikangojewa tena.

Tumelijua jambo hili kwa miaka mingi, tukalinyamazia kwa adabu ya wenyeji. Leo tunalisema, na tungependa tueleweke vizuri tangu mwanzo: hatuandiki ili mgeni huyo asakwe. Wengi wao walikuwa rafiki zetu. Waliketi na wazee wetu wakaandika yaliyokuwa yakipotea, wakafundisha watoto hesabu bila malipo, wakalia nasi misibani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na baadhi ya hawa walilichukua jembe bila ya kupewa.

Tena Lamu ingekuwa nini bila ya mwanafunzi asiyerudi kwao? Habib Swaleh alizaliwa Ngazija. Alikuja Lamu ujanani, katika karne ya 19, akasoma kwa wanavyuoni wa hapa, akabaki akisomesha, na Msikiti wa Riyadha uliotokana na kazi yake umepokea wanafunzi kutoka pande zote za Afrika Mashariki. Hakuna aliyemtaka aende kulala Tanga ili arudi akiwa mtu mwingine. Nasi Wakristo wa Mpeketoni, Hindi na Witu, ambao wengi wetu ni watoto wa wahamiaji waliogawiwa mashamba tangu miaka ya 1970, tunasoma makanisani habari za Ruthu Mmoabi aliyevuka mpaka pamoja na mkwewe na kukataa kurudi nyuma. Hatuna haki ya kuwa wagumu wa moyo juu ya mgeni.

Ugomvi wetu ni juu ya mizani mbili.

Mpime mgeni yule wa Lunga Lunga, kisha umpime kijana aliyezaliwa Kiunga, au Kizingitini, au Faza. Kijana huyu ametimiza miaka 18 na anataka kitambulisho, kwa kuwa bila kitambulisho hapati kazi, hafungui akaunti ya benki, hapigi kura, wala hawezi hata kuomba pasipoti ili naye akasome nchi za watu. Kwa miaka mingi, katika wilaya za mpakani na katika jamii nyingi za Kiislamu za pwani, kijana wa namna hii hakutosheka kuleta cheti chake cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi wake. Aliketishwa mbele ya kamati ya kuhojiwa. Aliulizwa ukoo wake, akaulizwa lugha yake, akaulizwa cheti cha babu yake. Babu alizaliwa Ishakani au Mkokoni, mahali ambapo karani wa serikali hakuwahi kufika na daftari la uzazi. Mzee anayemsindikiza mjukuu wake husema, “Bwana afisa, mimi ndiye babu mwenyewe, niulize.” Hujibiwa, “Mzee, nataka karatasi.”

Hivyo mgeni aliulizwa swali moja, naye akajibu kwa uongo mdogo ambao pande zote mbili zilijua kuwa ni uongo. Mwenyeji aliulizwa maswali kumi, akajibu yote kwa kweli, akaambiwa arudi mwezi ujao. Na kurudi mwezi ujao, kwa mtu wa Kiunga, ni nauli ya chombo, ni siku za uvuvi zilizopotea, na katika miaka ya karibuni ni kupita njia zenye hatari.

Wengine watatuambia kwamba Lamu ni mpakani, na mpaka wenyewe ni wa Somalia, kwa hiyo tahadhari haiepukiki. Hoja hii hatuidharau. Sisi ndio tuliozika watu wetu baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambapo watu zaidi ya 60 waliuawa. Lakini desturi ya kumhesabu mtu wa Lamu kuwa nusu raia ni kongwe kuliko magaidi wa leo. Sheria ya mwaka 1970 ya kuwakinga maafisa wa serikali na askari wasishtakiwe kwa waliyoyatenda wakati wa vita vya shifta, tangu Desemba 1963 hadi Desemba 1967, iliitaja Lamu kwa jina, pamoja na Mkoa wa Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit na Tana River. Wabajuni waliokimbia vijiji vya bara katika miaka hiyo na kujisitiri visiwani walikimbia wakiwa Wakenya, na wajukuu wao ndio wanaoulizwa leo wametoka wapi.

Tafakarini pia jiografia yake. Mpaka ulio karibu na watu wa visiwa hivi ni ule wa Kiunga na Ras Kamboni, ambako jamaa moja ina shangazi upande huu na mjomba upande ule. Mpaka huo ulifungwa tangu 2011. Mwezi Mei 2023 serikali mbili zilitangaza kwamba utafunguliwa kwa awamu, Kiunga ikiwa ya mwisho; Julai mwaka huohuo, baada ya mashambulizi, tangazo likaahirishwa. Kwa hiyo kijana wa Kiunga hana ruhusa ya kwenda kumzika mjomba wake masafa anayoweza kuyatembea kwa miguu, ilhali mgeni husafiri hadi mwisho wa kusini wa pwani yetu, akakanyaga ardhi ya nchi ya pili na kurudi, kwa sababu tu kitabu chake kinataka wino mpya.

Mtu aweza kuuliza jambo hili linahusiana vipi na mageuzi ya kisiasa. Linahusiana sana. Tulipodai vyama vingi, na kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, tulidhani tumeiondoa kalamu mkononi mwa mtu mmoja. Ilibaki mezani kwa afisa wa uhamiaji. Mwaka 1992 chama cha Islamic Party of Kenya kilinyimwa usajili. Mwaka 1994 Sheikh Khalid Balala, aliyekuwa sauti kubwa ya chama hicho, alikuwa Ujerumani. Serikali ya KANU ikakataa kumpa pasipoti mpya kwa madai kwamba yeye ni raia wa Yemen. Hakurudi nyumbani hadi 1997. Wengi wetu hatukukubaliana na siasa zake, na baadhi ya wachungaji wetu walifurahi kimyakimya alipozuiwa huko. Walikosea. Februari 2018, chini ya Katiba mpya na serikali nyingine kabisa, Miguna Miguna alitiwa ndegeni na kupelekwa Kanada huku amri za mahakama zikipuuzwa, na alirudi Oktoba 2022 tu baada ya utawala kubadilika. Dini tofauti, kabila tofauti, chama tofauti, lakini kalamu ni ileile. Anayeweza kumgeuza mwanafunzi kuwa mtalii kwa muhuri mmoja aweza pia kumgeuza mwananchi kuwa mgeni.

Watoto wetu walio ng'ambo nao wanaijua njia ya Lunga Lunga, ingawa huko ina majina mengine. Kijana amemaliza chuo, viza ya masomo imekwisha, kazi nyumbani hakuna, na deni la karo lamngoja mama yake. Naye huvuka kwenda nchi jirani na kurudi, akiomba Mungu afisa asifungue kurasa za nyuma. Tofauti ni kwamba yeye hafikiriwi kuwa mtalii. Rangi yake na pasipoti yake humtangulia, na safari moja mbaya humtia kizuizini. Zamani alibanwa pia na sheria ya nyumbani, kwani hadi 2010 Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza ule wa kuzaliwa. Kifungu cha 16 cha Katiba kimeliondoa hilo, na tunawashukuru waliolipigania, hasa Wakenya wa ughaibuni ambao hawakuchoka kuandika barua.

Sasa tujitazame wenyewe, maana jarida hili halina haki ya kuhubiri likiwa na kibanzi jichoni. Ni makanisa mangapi ya pwani, na mashirika mangapi ya kutetea haki, yaliyowahi kumpokea kijana wa kujitolea aliyekuja kusoma, na pasi yake ilipokwisha tukamwambia, “Nenda mpakani, mwanangu, utarudi Jumatatu”? Tulimhitaji. Alijua kutumia kompyuta, aliandika maombi ya fedha kwa Kiingereza safi, na kumwombea kibali halali cha kazi kulikuwa ghali na kuchelewa. Tulifanya hivyo zaidi ya mara moja. Pasi ya mgeni haimruhusu mtu kufanya kazi, yenye malipo au isiyo na malipo, nasi tulilijua hilo. Jumapili tulimkemea karani anayekula rushwa, na Jumatatu tulimpokea mgeni wetu stendi tukicheka pamoja naye kuhusu muhuri wake.

Watu hupenda kuamini kwamba mashine itatuponya. Tangu Januari 2024 Kenya imeondoa viza na kuleta idhini ya safari ya kielektroniki, inayoombwa kabla mtu hajafika, huku raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakisamehewa. Mgeni hawezi tena kufika mpakani mikono mitupu akitegemea uso mzuri wa afisa. Ni hatua njema. Lakini mashine haimwulizi babu wa Faza alizaliwa wapi. Swali hilo liliachwa mikononi mwa binadamu. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais alitoa amri kwamba kuhojiwa kwa namna ile kukome katika kaunti za mpakani. Tuliipokea kwa furaha na kwa hofu kidogo. Tuliifurahia kwa sababu ni haki iliyocheleweshwa. Tuliiogopa kwa sababu kilichotolewa kwa amri chaweza kuondolewa kwa amri, na aliye mezani Lamu huisoma amri ya Nairobi kwa miwani yake mwenyewe. Wamakonde wa Kwale hawakungoja kutangaziwa. Oktoba 2016 walitembea kuelekea Nairobi, wakafika hadi Ikulu, na mwaka uliofuata wakaanza kuwa raia kwa karatasi kama walivyokuwa kwa maisha yao. Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto nayo ilikwisha kuamua mwaka 2011, katika shauri la watoto wa Kinubi, kwamba Kenya ilikosa kwa kuwaacha watoto waliozaliwa humu bila uhakika wa uraia.

Tunachokitaka si kikubwa. Mwanafunzi mgeni aliyemaliza masomo na akawa na sababu ya kubaki, aieleze sababu hiyo katika ofisi ya uhamiaji iliyo karibu naye, kwa ada inayojulikana, ajibiwe ndiyo au hapana, bila ya kufundishwa kusema uongo mpakani. Na mtoto wa visiwani apimwe kwa sheria iliyoandikwa, si kwa shaka ya aliye mezani. Kifungu cha 12 cha Katiba kinampa raia haki ya pasipoti na hati nyingine za utambulisho, hakikutaja babu.

Wakati tunaingojea Bunge, kuna jambo ambalo kila msomaji aweza kulifanya. Kifungu cha 47 kinampa mtu aliyedhuriwa na uamuzi wa ofisi ya serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kijana wako akirudishwa kwa kukosa cheti cha babu, aombe kwa adabu aandikiwe hivyo, kwa tarehe na sahihi. Katika mambo ya namna hii tumeona kwamba mara nyingi afisa akiombwa kuandika, sharti hupotea hapohapo. Lisipopotea, tuleteeni nakala ya karatasi hiyo, mkilificha jina la kijana kama mnaogopa. Na viongozi wa makanisa wanaowakaribisha wageni wa kujitolea, kabla ya Pasaka fungueni pasi zao mtazame tarehe.