Mutoto na kinanda cha nyumbani



Mama mumoja wa Likasi ametuandikia barua ndefu. Tumeona heri kumujibu hapa, kwa sababu jambo lake ni la nyumba nyingi. Bwana yake anapiga kinanda katika kwaya. Alinunua kinanda cha umeme kilichokwisha kutumika, akakileta nyumbani ili amufundishe mutoto wao wa kwanza, kijana wa miaka mitano. Kila siku akitoka kazi anamukalisha mutoto saa nzima. Noti ikikosewa, kijiti juu ya vidole. Mama anaandika hivi: «Sasa mutoto akisikia baba yake anaondoa kitambaa juu ya kinanda, anakimbilia kwa jirani. Baba yake anasema: Miye walinifundisha vile vile, na nilijua. Kama Noeli inafika na hajui hata wimbo moja, kinanda nitakiuza. Miye mama sijui noti hata moja. Nifanye nini?»

Kwanza neno kwa baba, maana hatuko hapa kumuhukumu. Muntu anayetoka mugodini na uchovu wote, kisha anakaa chini na mutoto wake, huyo anapenda mutoto wake. Wangapi wanapita nganda kwanza! Lakini kijiti hakifundishi kinanda, na sababu yake si huruma tu, iko ndani ya mwili. Jaribu wewe mwenyewe, baba. Kaza mukono kama muntu anayengoja kupigwa, kisha gonga meza kwa kidole kimoja kimoja, mbio. Huwezi. Vidole vinashikana, na kifundo cha mukono kinakuwa kama muti. Sasa legeza mukono, gonga tena. Umeona? Kinanda kinataka mukono mulegevu, na mukono wa mutoto mwenye woga haulegei. Unamupiga ili apige vizuri, na kijiti kile kile kinamuzuia kupiga vizuri.

Tena saa nzima ni nyingi mno. Mutoto wa miaka mitano, dakika kumi zinamutosha. Akiomba kuendelea, aendelee. Akianza kutazama mulangoni, mumuache. Ila iwe kila siku. Dakika kumi za kila siku zinashinda saa mbili za siku ya posho, kwa sababu vidole na masikio vinasahau upesi, lakini vinakumbuka pia upesi kama vinakumbushwa.

Sasa tuje kwako, mama. Unasema hujui noti. Ni nani aliyemufundisha mutoto wako kusema? Hukuanza na alfabeti. Hukumupiga aliposema «tata» pahali pa «baba». Ulicheka, ukarudilia neno vizuri, naye akarudilia. Alisikia mwaka muzima mbele ya kusema neno moja la maana. Kule Japani kulikuwa mwalimu wa fidla, Shinichi Suzuki, aliyezaliwa 1898 na kufariki 1998. Alijenga mafundisho yake yote juu ya jambo hili: watoto wote wa Japani wanasema Kijapani bila shida, basi njia inayowafundisha lugha ya mama inaweza kuwafundisha muziki. Katika njia yake mutoto anasikia wimbo ule ule kila siku nyumbani mbele ya kuujaribu, na muzazi anakaa karibu naye wakati wa kujifunza. Kusoma noti kunakuja nyuma, kama vile kusoma maandiko kunakuja nyuma ya kusema. Baadaye walimu wengine walipeleka njia hiyo kwenye piano.

Na si lazima kwenda mpaka Japani. Katika miaka ya 1950, pale Kamina, Padri Guido Haazen alikusanya watoto na walimu katika kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 walikwenda kuimba Ubelgiji, na Missa Luba yao ikasikiwa katika dunia nzima. Ndani yake hakuna kinanda hata kidogo: ni sauti na ngoma. Nyimbo zile hazikutoka kwenye karatasi ya noti, zilitoka katika masikio na midomo ya waimbaji. Masikio ya watoto wetu si maskini. Mutoto anayeshika wimbo wa kwaya akiwa mugongoni mwa mama yake ana nusu ya kinanda tayari. Nusu inayobaki ni ya vidole.

Basi, mama, anza hivi. Kwa juma moja kijiti kisionekane, na kinanda kifunikwe. Imbeni tu, wewe na mutoto, mukisonga bukari, mukichambua sombe. Chagua wimbo mufupi anaoupenda, wenye noti chache zinazokaa karibu karibu. Juma la pili mufunue kinanda, lakini musitafute wimbo mara moja. Mutoto afumbe macho. Wewe bonyeza noti moja huku na moja kule, aseme ipi iko juu na ipi chini. Ni muchezo tu, na unaweza kuucheza bila kujua jina la noti yoyote. Kisha mubadilishane: wewe fumba macho, yeye abonyeze. Ukikosa atafurahi sana, acha afurahi.

Nyuma ya hapo, mutazame meno ya kinanda. (Watoto wanayaita meno, nasi hatuoni jina bora zaidi.) Piano kubwa ina meno 88, meupe 52 na meusi 36, vinanda vingi vya umeme vya kwaya vina 61. Mutoto asiogope hesabu ile, kwa maana meno meusi yamejipanga kwa makundi: mawili, matatu, mawili, matatu, mpaka mwisho. Mwambie kuna nyumba ya wawili na nyumba ya watatu. Jino jeupe linalogusa nyumba ya wawili upande wa kushoto, lile ni do. Atafute do zote za kinanda. Siku anayozipata zote peke yake, hesabu imekwisha: re, mi, fa na sol zinafuata mukono wa kuume, jino kwa jino. Usiandike majina juu ya meno kwa kalamu. Mutoto atasoma maandiko, hatatazama kinanda, na wino utabaki hata akiwa na ndevu.

Vidole vina hesabu pia: gumba ni 1, kidole kidogo ni 5, mikono yote miwili. Gumba la kuume juu ya do, na vidole vingine kila kimoja juu ya jino lake. Vikunjwe kidogo, kama vinashika chungwa. Kwa noti hizo tano nyimbo nyingi za watoto zinapigika. Hapo ndipo mutafute ule wimbo wa juma la kwanza. Wewe imba noti ya kwanza, yeye aitafute kwa sikio. Akikosa, usiseme «hapana». Imba tena tu. Sikio lake litamwambia. Mukono wa kushoto uje peke yake, siku zingine. Kuunganisha mikono miwili ni kazi ya miezi, na hakuna sababu ya kukimbia.

Utauliza: na umeme ukikatika? Maana kwetu kinanda kinalala siku nzima kwa kukosa umeme, na ukirudi usiku mutoto amelala. Tazama chini ya kinanda. Vingi vidogo vina nafasi ya betri. Lakini betri ni mali, na tunajua wengine hawana hata kinanda. Basi chukua kartoni. Jino jeupe lina upana wa karibu milimita 23 na nusu; ukichora meno 14 meupe unapata karibu sentimita 33. Chora nyumba za wawili na za watatu, uzipake makaa zikuwe nyeusi. Mutoto abonyeze kartoni, wewe uimbe noti anayoigusa. Akiruka noti, nawe ruka katika kuimba. Anacheka, lakini vidole vinajifunza njia. Si piano, kweli. Sauti ya jino na uzito wake hatavijua pale. Ila siku atakapopewa dakika tano kwenye kinanda cha kwaya, hatakaa kama mugeni.

Jambo la kiti watu wanalidharau. Kinanda juu ya meza ya kulia ni juu mno kwa mutoto. Anainua mabega, na nyuma ya dakika tatu amechoka, baba anasema ni uvivu. Kiweke chini zaidi, ao mupandishe mutoto juu ya kiti mpaka viwiko vyake vilingane na meno. Miguu isining'inie, muweke kisanduku chini yake. Na kwa sisi wa nchi ya vumbi: kinanda kifunikwe kila jioni, mikono ioshwe mbele ya kukigusa.

Kitufe kimoja tungependa kukifunika kwa plasta: kile kinachofanya kinanda kicheze chenyewe, na ngoma na tarumbeta. Mutoto anakibonyeza, nyumba nzima inapiga makofi, na yeye hakufanya kitu. Nyuma ya hapo noti zake tatu anaziona maskini.

Turudi kwa baba, kwa maana kazi yake haikuisha. Baba anajua kupiga, basi apige! Jioni, nyuma ya kula, dakika tano, wimbo ule ule ambao mutoto anautafuta, bila kumwambia «kuja hapa». Mutoto asikie, acheze, aende kulala. Tunafikiri, baba, kwamba majuma mawili ya namna hii yatamurudisha kutoka kwa jirani. Akija mwenyewe kusimama pembeni yako, songa kidogo tu. Usimuulize kitu.

Na ile Noeli? Kama nyumba ina njaa, ao hakuna feza ya dawa, uza kinanda bila haya. Mutoto atabaki na kartoni na masikio yake. Lakini kukiuza ili kumuazibu mutoto wa miaka mitano, hapana. Atajifunza kitu kimoja, kwamba yeye ndiye aliyepoteza kinanda cha baba, na tunaogopa neno hilo litamufuata mpaka uzee. Tena mwenye kuanza kwa woga hawezi kupimwa kwa miezi hii. Anza kuhesabu toka siku ambayo kijiti kimetoka nyumbani.

Kusoma noti kwenye mistari, ngojeni masomo yamufundishe kusoma maandiko kwanza. Akiwa na miaka saba hivi, baba amuonyeshe noti za nyimbo ambazo vidole vyake vinajua tayari. Hapo baba ndiye mwalimu, na mama anaweza kukaa nyuma. Ao akae karibu, ajifunze naye. Hakuna sheria inayosema mama asipige kinanda.

Mwisho wa barua yako, mama, unasema binti yenu wa miaka mitatu naye anataka kugusa, na baba anamufukuza kwa sababu anaharibu masomo ya kaka yake. Pale Salzburg baba mumoja, Leopold Mozart, alifundisha binti yake Nannerl kinanda nyumbani. Kitabu cha nyimbo alichomuandikia kina mwaka 1759. Kijana wake mudogo, Wolfgang, alikuwa na miaka mitatu tu, akazunguka pale. Nannerl aliandika baadaye kwamba mudogo wake alikaa muda murefu kwenye kinanda akitafuta noti mbili mbili zinazopatana, kama do na mi, na akizipata anafurahi. Hakuna aliyemuita. Hatusemi binti yenu ni Mozart. Tunasema mumuwekee kiti pembeni ya kaka yake, upande wa noti za juu, na akichoka atashuka mwenyewe.