Darubini Ipi Itufae?

Bwana Mhariri, naomba nafasi nitoe maoni juu ya fedha walizotuchangia wazazi, ili chama chetu cha wapenda ndege kinunue darubini ya macho mawili kabla ya safari ya Usambara. Wenzangu wengi wataka ile ndogo iliyoandikwa 12x25, kwa kuwa yavuta mbali. Mimi sikubali.

Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu chakuzwa. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 25 kwa 12, wapata 2 na kidogo: huo ndio upana wa mwanga ufikao jichoni. Msituni alfajiri, chini ya miti mikubwa, utaona kivuli tu. Tena mkono ukitetemeka, ndege naye atetemeka mara 12! Ile ya 8x32 hutoa milimita 4, na bado yabebeka shingoni bila taabu.

Sasa maji. Darubini yetu ya zamani ilinyeshewa siku moja tu, ikaota kuvu ndani ya vioo. Isiyoingia maji huzibwa na kujazwa hewa ya naitrojeni, mvuke usigande ndani. Muuzaji asitutosheleze kwa maneno. Tutafute alama ya IPX7, yaani yastahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Wavaao miwani (nami nimo) waijaribu kwanza.

Bei imezidi, nakiri. Basi tununue moja, tupokezane. Naomba jambo hili lipigiwe kura kabla ya kufunga shule.