Ukishafika kwenye kilo ulizotaka

MEZA YA MUSONOI
Na Marcelline Kabwe

Zamani mtu wa Musonoi, hapa Kolwezi, aliyeambiwa na daktari apunguze uzito alikuwa mkubwa wa ofisi. Siku hizi ni dereva wa kamyo kubwa la mgodi. Anakaa kwenye kiti zamu nzima, anakula kantini, na kwenye vipimo vya kazi ameambiwa tension imepanda na sukari inanyemelea. Ameweka kwenye simu programu ya kuhesabu kalori, ameandika kila alichokula kwa miezi, na kilo zimeshuka hadi pale alipotaka. Sasa anauliza: niendelee kuandika, ao niache?

Mimi nasema aache. Lakini asiache siku ileile aliyofika, na akiacha hesabu asiache mizani. Wengi wetu tunavitupa vyote viwili pamoja kwa furaha, tunaita ndugu, tunafungua bia ya Simba, na kabla mwaka haujageuka nguo za zamani zinatutosha tena. Kisha tunaambiwa hatuna nia. Maneno hayo yananiudhi, kwa sababu mwili una sehemu kubwa katika jambo hili na hausingiziwi.

Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake, wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, walitoa matokeo juu ya watu 14 waliokuwa wameshindana kupunguza uzito katika kipindi cha televisheni kiitwacho The Biggest Loser. Walipimwa tena baada ya miaka sita. Kwa wastani walikuwa wamepoteza kilo 58 wakati wa mashindano, na kilo 41 kati ya hizo zilikuwa zimerudi. La kushangaza zaidi lilikuwa matumizi ya mwili wao wakiwa wamepumzika: yalikuwa chini kwa karibu kalori 500 kwa siku kuliko yale ya kutegemewa kwa watu wa ukubwa wao. Miaka sita, na mwili ulikuwa bado unabana matumizi.

Mwaka huohuo Hall na wenzake walitoa hesabu nyingine ambayo ningependa kila kliniki ya Kolwezi iibandike ukutani. Kwa kila kilo unayopoteza, mwili hupunguza matumizi yake kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, na hamu ya kula hupanda kwa karibu kalori 100. Chukua dereva aliyeshuka kilo 10. Anahitaji kalori 200 hadi 300 pungufu ya zile alizokuwa anahitaji zamani, huku tumbo likimdai karibu 1,000 zaidi. Mtu huyo akirudia sahani yake ya zamani, hata bila kuongeza tonge moja, atanenepa. Kwa hiyo namwambia aendelee kuandika miezi michache baada ya kufika, ili ajue sahani ya mwili huu mpya ina ukubwa gani. Hiyo hana njia ya kuijua kwa kukisia, maana macho yake yamezoea sahani ya mtu aliyekuwa na kilo 10 zaidi.

Baada ya hapo hesabu inaanza kumdanganya, na hapa kwetu inadanganya haraka zaidi. Namba za kalori tunazotumia zinatokana na kazi ya mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19: gramu ya wanga au ya protini kalori 4, gramu ya mafuta 9, gramu ya pombe 7. Ni wastani mzuri. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina karibu kalori 360, hilo halina ubishi. Lakini nani anakula unga mkavu? Tunakula bukari, na bukari ya mama mmoja ina maji mengi, ya jirani yake ni ngumu, ya wa tatu imechanganywa na unga wa muhogo. Sombe, majani yetu ya muhogo, inapikwa kwenye sufuria moja kwa watu wanane, na mafuta ya ngazi yamemiminwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta hayo ni karibu kalori 120. Ni vijiko vingapi vimeingia kwenye tonge zako wewe, nyote mkila sinia moja? Programu ya simu itakupa namba, na utaiamini kwa sababu imeandikwa.

Kuna na jambo la mezani. Mtu anayeandika kila tonge mwishowe anataka sahani yake peke yake, kisha saa yake peke yake, kisha anaacha kwenda matanga na harusi kwa sababu chakula cha huko hakiandikiki. Kwa miezi ya kupunguza, familia itavumilia. Kwa maisha yote, hapana. Mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, miaka ya 1944 na 1945, na vijana hao, waliokuwa na afya njema, walifika mahali pa kusoma vitabu vya mapishi na kuwaza chakula mchana kutwa. Ilikuwa njaa kali kuliko ya dereva wetu, ni kweli. Hata hivyo akili inayowaza chakula saa zote ni ishara ya taabu, hata kama kilo ziko sawa.

Katika ardhi hii kalori zilihesabiwa muda mrefu kabla ya simu. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini iliyoanzishwa 1906, ilipima watu wake na kuwapa posho: unga, mafuta, samaki au nyama, chumvi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, ilipoanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto, posho ilihesabiwa kwa familia, na watoto wachanga walipelekwa kupimwa kilo. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa mbele katika kazi hiyo, aliandika kitabu kizima cha kusifu siasa ya jamii ya kampuni, mwaka 1946. Waliokula hawakuulizwa wanataka nini. Lengo la hesabu lilikuwa mkono wenye nguvu ya kushika koleo kesho yake. Babu zetu walipata chakula, sitakana hilo, lakini hawakuachiwa elimu. Kampuni ndiyo iliyojua kipimo.

Gécamines, kampuni ya serikali iliyokuja baada yake, ikarithi kambi, ikarithi na desturi ya kugawa unga. Mapato yalipoanguka miaka ya 1990 na mishahara ikakatika, unga nao ukakatika, na nyumba nyingi za Musonoi zikajifunza kula mara moja kwa siku. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondolewa katika ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, amewaita wafanyakazi wa kampuni hiyo watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Nakumbusha haya kwa sababu yanaeleza kinachompata dereva wetu akirudi nyumbani amepungua. Mama mukubwa anamtazama na kuuliza: mwanangu, una shida gani? Jirani anauliza kwa sauti ya chini kama amepima damu. Mke wake anaogopa watu watasema hampikii vizuri. Sahani inaongezwa bila yeye kuomba, na kuikataa ni kumkosea mpishi. Katika mji unaokumbuka njaa hivi, mwili mnene ni habari njema. Katika nchi ambayo zaidi ya watu milioni 25 hawana uhakika wa chakula, kukataa tonge kunaonekana ni dharau. Sina neno baya kwa mama yule. Namwomba tu dereva amweleze mapema, kwa heshima, akae naye na karatasi ya daktari: mama, nimekonda kwa amri yangu mwenyewe, kabla sukari haijanikondesha kwa amri yake. Kazi hiyo ya kueleza ina faida kuliko mwaka mzima wa kuandika kalori, kwa sababu sufuria iko mikononi mwa mama, na mama wa Musonoi anajua vipimo. Anajua meka moja ya unga itafika siku ngapi. Akijua pia kwamba chupa ya mafuta inapimwa kwa kijiko, nyumba nzima imepona.

Basi abaki na nini? Abaki na mizani, mara moja kwa juma, asubuhi ileile, kabla ya kula. Nchini Marekani kuna daftari la watu waliopunguza angalau kilo 13 na nusu na kukaa hivyo mwaka au zaidi; lilianzishwa 1994 na Rena Wing na James Hill. Wengi wa walioandikishwa humo hujipima angalau mara moja kwa juma, na kwa wastani hufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, hasa kutembea. Dereva ajiwekee mpaka: kilo 2 zikiongezeka, anarudi kuandika kwa majuma mawili au matatu, kisha anaacha tena. Abaki na kijiko cha mafuta. Abaki na ukubwa wa bukari aliojifunza. Na ajue kwamba chupa moja kubwa ya bia ina karibu kalori 300, kwa hiyo chupa tatu za Jumamosi ni karibu mlo mzima na nusu, bila hata kipande cha samaki.

Mizani iwe ya kuaminika, na iwe ileile kila mara. Wachimbaji waliouza madini kwenye soko la Musompo hawahitaji kufundishwa hilo. Wamelalamikia sana mizani ya wanunuzi.

Wapo ambao shauri hili haliwahusu. Mgonjwa wa sukari anayejidunga insulini aendelee kuhesabu wanga kama daktari alivyomwelekeza. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha asijipunguzie chakula kwa namba za simu. Na yeyote anayejikuta analia kwa sababu ya tonge, au anajificha kula, afute programu leo na aende kuzungumza na muuguzi.

Neno langu la mwisho ni kwa kampuni zinazochimba pembeni mwa nyumba zetu. Kumwambia mfanyakazi apunguze kilo 10, kisha kumwona tena kwenye vipimo vya mwaka ujao, ni kumwacha njiani pale pagumu zaidi. Mwiteni kila mwezi kwa mwaka mmoja baada ya kufika. Mpimeni, mwonyesheni karatasi yake, mmpe nakala aende nayo nyumbani. Na kantini ipunguze mafuta kwenye sufuria yake, maana mtu anayekula kwenu kila mchana hawezi kuirekebisha sahani hiyo akiwa peke yake.